Milimita 200.8 za Kilwa: mvua inayozama ndani ya wastani wa taifa

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikiisogelea pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa taarifa yenye tarakimu mbili ambazo kila mkazi wa Kilwa anastahili kuzijua kwa moyo. Ya kwanza ni 200.8, nazo ni milimita za mvua zilizopimwa katika kituo cha Kilwa ndani ya saa 24. Ya pili ni 96.6, ambayo ni wastani wa mvua ya kituo hicho kwa mwezi mzima wa Mei. Yaani kwa usiku na mchana mmoja Kilwa ilimwagiwa mvua ya Mei mbili, na bado ikabaki chenji.

Yaliyofuata yalionekana na nchi nzima. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika katika eneo la Somanga. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili za maji, abiria wakalala njiani na bidhaa zikaharibika ndani ya magari. Aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati huo, Innocent Bashungwa, alihamia huko kusimamia mafundi wakijaza mawe na kurudisha njia.

Sasa tuipeleke mvua hiyo kwenye hesabu ya taifa. Wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 13,000. Tanzania nzima, pamoja na maziwa yake, ina kilomita za mraba zipatazo 947,000. Hata tukichukulia kwamba kila kona ya wilaya hiyo, kuanzia Somanga hadi Nanjirinji, ilipata milimita 200.8 kamili, wastani wa nchi ungepanda kwa chini ya milimita tatu. Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) zinaonesha kuwa wastani wa mvua ya Tanzania kwa mwaka ni milimita 1,071. Mvua iliyokata barabara ya mikoa miwili inachangia takriban robo ya asilimia moja ya kiasi hicho.

Hakuna aliyekosea hesabu hapo. Kugawa ni kugawa. Lakini mtu akisimama jukwaani akatangaza kwamba mwaka huu nchi imepata mvua za wastani, mkazi wa Somanga ana haki ya kuuliza wastani huo umepikwaje, kwa vipimo vya wapi, na yeye yumo kwa kiasi gani.

Maji ndani ya chupa

Hesabu yote ya mvua ya taifa huanzia kwenye chombo kidogo ambacho watu wengi hupita kando yake bila kukitazama. Kipima mvua cha kawaida katika nchi zetu ni mkebe wa mviringo wenye mdomo wa kipenyo cha milimita 127, uliofukiwa ardhini kiasi kwamba mdomo wake unabaki sentimita 30 juu ya udongo. Ndani kuna faneli, na chini ya faneli kuna chupa. Kila siku saa 3:00 asubuhi mpimaji hufika, hufungua, humimina maji ya chupa kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, huinama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, husoma, huandika kwenye daftari, kisha humwaga na kurudisha chupa mahali pake. Awe na homa, awe na msiba, iwe Idi au Krismasi, saa 3:00 ni saa 3:00.

Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Basi milimita 200.8 juu ya paa la bati la mita za mraba 50, nyumba ya kawaida kabisa ya vyumba vitatu, ni zaidi ya lita 10,000. Simtanki kubwa linajaa na kumwagika kwa mvua ya siku moja. Ekari moja ya shamba inapokea lita zaidi ya laki nane.

Ndani ya kipima mvua kiasi hicho kinaonekana kidogo, lita mbili na nusu hivi. Ila gilasi ya kupimia kwa kawaida hubeba milimita 10 tu kwa mara moja. Kupima mvua kama ile ya Hidaya kwa mkono ni kumimina zaidi ya mara ishirini, na kila mmimino unaandikwa kabla ya kumwagwa. Chupa ya ndani huwa imeshafurika na maji mengine yako kwenye mkebe wa nje, nayo lazima yapimwe. Mpimaji akisahau mmimino mmoja, milimita kumi za wilaya zimepotea na hazitarudi tena katika kumbukumbu ya nchi. Ninawaheshimu sana watu hawa. Kazi yao haina makofi, lakini bila wao hakuna profesa wala kompyuta itakayojua mvua ya Kilwa ilikuwa kiasi gani.

Upepo nao una sehemu yake. Mvua inapopigwa na upepo mkali, matone huruka juu ya mdomo wa mkebe badala ya kuingia ndani, na wataalamu duniani kote wanakubaliana kwamba kipima mvua kwenye upepo hukusanya pungufu ya kilichonyesha. Siku ya kimbunga, basi, namba inayoandikwa ina uwezekano mkubwa wa kuwa ndogo kuliko mvua yenyewe. Mti nao huiba. Ndiyo maana kanuni inataka mkebe uwe mbali na mwembe au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho.

Tangu lini tunahesabu

Habari za mvua ya Kilwa ni za kale kuliko kipimo chake. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kuhusu mji ule, nyumba zake na sultani wake, na hakuacha kutaja kwamba mvua zake ni nyingi. Nyingi kiasi gani hakusema, wala hakuwa na namna ya kusema. Watu wa pwani walikuwa na hesabu yao ya majira: mwaka wa jua ulioanza na Nairuzi, ukagawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na mabaharia na wakulima wakajua kaskazi inaingia mwongo wa ngapi na masika yanakoma lini. Inapendeza kuona kwamba taarifa za hali ya hewa kwa kilimo zinazotolewa leo nazo huhesabu mvua kwa vipindi vya siku kumi kumi.

Kipimo cha mkebe kilikuja na wakoloni. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara moja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Nairobi, na vipimo vya pwani ya kusini vilikuwa vikipelekwa huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilitunga sheria yake ya hali ya hewa mwaka 1978. Wakala wa Hali ya Hewa ulianzishwa 1999, ukageuzwa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019.

Katikati ya safari hiyo kuna kisa ambacho watu wa Nachingwea, mkoani Lindi, hawajakisahau. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilitaka karanga za kukamulia mafuta. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na jirani zake kwa wiki tisa, ukarudi na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Maeneo matatu ya Tanganyika yakachaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ikajengwa Mtwara na reli ikavutwa kuelekea Nachingwea. Lakini kazi kubwa ilianzia Kongwa, mahali ambapo mvua ni haba na haina ahadi, inanyesha kwa pupa kisha inatoweka, na udongo ukikauka unakuwa mgumu hata jembe la trekta linagoma. Mwaka 1951 mradi ulifungwa kwa hasara ya pauni milioni 36. Reli ya kusini nayo iling'olewa baadaye. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, lakini hii ya kuamini wastani wa mvua bila kuuliza mvua yenyewe inayumba kiasi gani mwaka hadi mwaka iliwagharimu vibaya, na gharama hiyo tuliirithi sisi.

Kujumlisha na kugawa

Njia rahisi ya kupata wastani wa nchi ni ile tuliyofundishwa darasa la nne: jumlisha vipimo vya vituo vyote, gawa kwa idadi ya vituo. Ingefaa kama vituo vingekuwa vimetawanyika sawasawa. Havijatawanyika hivyo. Vituo hufuata viwanja vya ndege, miji, mashamba makubwa, vyuo na misheni. Mahali penye watu na barabara pana vipimo, na pori halina.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme Dar es Salaam ina vipima mvua vinne na kila kimoja kimesoma milimita 100. Mkoa wa Lindi una kimoja tu, kimesoma 300. Ukijumlisha na kugawa kwa tano unapata 140. Sasa angalia ukubwa wa ardhi. Mkoa wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393. Lindi ina 66,046, yaani Dar es Salaam 47. Ukiipa kila namba uzito wa eneo lake, wastani wa mikoa hiyo miwili unakuwa milimita 296. Namba ni zilezile na mvua ni ileile, ila majibu mawili yanatofautiana zaidi ya mara mbili. Katika hesabu ya kwanza Lindi ilikuwa sauti moja kati ya tano. Katika ya pili ilisikika kulingana na ardhi yake.

Mmarekani Alfred Thiessen alipendekeza mwaka 1911 namna nyepesi ya kutoa uzito huo. Unachora ramani, unagawa nchi ili kila kipande cha ardhi kiwe chini ya kipima mvua kilicho karibu nacho zaidi, halafu kila kipimo unakizidisha kwa ukubwa wa kipande chake. Wengine huchora mistari inayounganisha sehemu zenye mvua sawa. Siku hizi kompyuta huigawa nchi katika miraba midogo na kukadiria kila mraba kwa kutazama vituo vya jirani, mwinuko wa ardhi na umbali kutoka baharini.

Njia hizo zinaondoa upendeleo wa miji. Haziondoi upofu. Ukimpa mpimaji wa Kilwa Masoko, aliye hatua chache kutoka Bahari ya Hindi, jukumu la kuusemea mkoa mzima, unamfanya ashuhudie asiyoyaona. Kutoka Masoko hadi Liwale, upande wa bara wa mkoa huo, ni takriban kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Katikati kuna mabonde na misitu ya miombo, ambako watu ni wachache na tembo ni wengi. Tukisema milimita 200.8 zilinyesha mkoa mzima wa Lindi, tunadai kwamba zilidondoka zaidi ya mita za ujazo bilioni 13 kwa siku moja, kiasi kinachozidi theluthi moja ya bwawa la Julius Nyerere likijaa. Pwani ilipigwa na kimbunga, bara ikapata sehemu yake tofauti. Kipimo kimoja hakiwezi kutuambia ni tofauti kiasi gani.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) lina mwongozo kuhusu hilo. Kwa tambarare za bara, linataka angalau kipima mvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 575. Kwa ukanda wa pwani, kimoja kwa kila 900. Milimani kimoja kwa kila 250, na kwenye visiwa vidogo kimoja kwa kila 25. Mkoa wa Lindi ukipimwa kwa kigezo cha tambarare unahitaji vipima mvua visivyopungua 115, vinavyosomwa kila siku na kutunzwa. Visiwa vya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, vilivyomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, navyo vina haki ya vyao.

Maji yaliyoshuka kutoka Liwale

Januari 2020 mafuriko yaliufunika mkoa wa Lindi. Katika wilaya ya Kilwa vijiji vya bara kama Njinjo na Nanjirinji vilizingirwa na maji. Watu walikufa, maelfu wakabaki bila makazi, na waokoaji wakawafuata walionusurika juu ya miti na vilima. Njinjo iko kwenye bonde la mto Matandu, na Matandu unatoka upande wa Liwale, unakusanya maji ya eneo kubwa la bara kabla ya kumwaga baharini kaskazini ya Kilwa Kivinje.

Mtu aliyekaa Kilwa Masoko akisoma gilasi yake hawezi kuiona mvua hiyo. Anaweza kuamka asubuhi kavu, akaandika sifuri kwa uaminifu kabisa, wakati mto unajaa bara. Mvua inayowadhuru watu wa Njinjo hupimwa Liwale, na isipopimwa huko, haionekani popote mpaka iwe mafuriko. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, ndiyo yenye dhamana ya mito hii. Inahitaji vipimo vya juu ya mto kuliko inavyohitaji wastani wa aina yoyote.

Wapo watakaosema setilaiti imemaliza tatizo. Imesaidia, tena sana. Kuna takwimu zinazochanganya picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, kama zile za CHIRPS zinazotolewa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, zinazoanzia mwaka 1981 na kuigawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita tano. TMA nayo, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, imetengeneza takwimu zake zinazounganisha vituo vyake na setilaiti. Lakini tuelewe setilaiti inaona nini. Nyingi hutazama joto la kilele cha wingu: kilele kikiwa cha baridi sana, hukadiria kwamba chini kunanyesha. Kwa mawingu marefu ya radi ya bara, sawa. Pwani ina mawingu mengine, mafupi, yenye vilele visivyo na baridi kali, yanayoletwa na upepo wa bahari na kuangusha mvua ya maana alfajiri. Hayo setilaiti huyapunja. Dawa yake ni kusahihisha makadirio kwa kipimo cha ardhini, na pasipo na kipimo hakuna cha kusahihishia. Kwa hiyo eneo lenye vipima mvua vichache ndilo ambalo hata setilaiti inalijua vibaya.

Mwaka wa nani?

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu wakulima moja kwa moja. TMA inaigawa nchi kwa misimu. Kaskazini, pwani ya kaskazini, Unguja na Pemba na ukanda wa Ziwa Victoria hupata mvua mara mbili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Lindi, Mtwara, Ruvuma na mikoa ya kati, magharibi na nyanda za juu kusini magharibi hupata msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili.

Wastani wa taifa wa mwaka huhesabiwa Januari hadi Desemba. Kwa mtu wa Arusha mwaka huo unabeba masika moja na vuli moja, zote zikiwa nzima. Kwa mkulima wa Ruangwa unaukata msimu wake katikati. Mvua za Novemba na Desemba alizopandia zinaingia mwaka mmoja, za Januari hadi Aprili zilizokuza ufuta wake zinaingia mwaka mwingine. Msimu mbaya unaweza kugawanywa vipande viwili na kila kipande kikafichwa ndani ya mwaka mzuri. Mikoa ya msimu mmoja inastahili wastani wake unaohesabiwa kwa msimu wake, utangazwe pamoja na ule wa mwaka, kwa uzito uleule.

Na Kilwa yenyewe haikai vizuri ndani ya boksi hilo. Rudi kwenye ile 96.6. Mwezi wenye wastani wa karibu milimita 100 si mwezi wa kiangazi, na Mei haimo katika Novemba hadi Aprili. Kilwa iko mpakani, mguu mmoja kwenye msimu wa kusini na mwingine kwenye masika ya Rufiji na Mafia. Kimbunga Hidaya kilikuja wakati ambao, kwa kalenda ya msimu, mvua za Lindi zimeshakwisha. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952, ambacho wazee wa mji ule wamekihadithia vizazi viwili, kilikuja Aprili.

Kuna pia kisa cha kaskazini na kusini kukinzana. Katika miaka ya El Niño, au bahari ya Hindi upande wetu inapokuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, maeneo ya vuli mara nyingi hunyeshewa kupita kiasi, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 1997, 2019 na 2023. Kusini haifuati mkumbo huo kwa lazima. Miaka mingine hubaki na mvua ya kawaida au pungufu. TMA huita mvua ya wastani ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu, unaohesabiwa kwa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Chini ya 75 ni upungufu, juu ya 125 ni ziada. Basi nusu ya nchi ikipata asilimia 140 na nusu nyingine asilimia 60, taifa linaweza kusoma 100 kamili. Kaskazini wanazika waliofukiwa na maporomoko, kusini wanatazama mahindi yakikauka, na karatasi inasema hali ni ya kawaida.

Simaanishi wastani wa taifa utupwe. Bila huo huwezi kulinganisha mwaka huu na mwaka 1985, huwezi kupanga umeme wa maji, wala kujua kama mvua ya nchi inaongezeka au inapungua kadiri dunia inavyopata joto. Ninachosema ni kwamba usitembee peke yake. Kila unapotajwa, utajwe na vipande vyake: mikoa, misimu, na idadi ya vipima mvua vilivyousemea kila mkoa. Msomaji akiona kwamba mkoa wa kilomita za mraba 66,046 umesemewa na vituo vya kuhesabika kwa vidole, ataupima mwenyewe uzito wa namba hiyo.

Watu wa pwani ya Lindi wanaishi kwa tofauti ambazo wastani hauzioni. Mwenye mikorosho anapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kati ya Juni na Septemba. Manyunyu ya usiku mmoja, milimita tatu au nne, yanamsafishia dawa yote aliyonunua. Mvua ya Oktoba ikimkuta na korosho chini ya mti, daraja lake linashuka. Mchemsha chumvi na mwenye majaruba ya chumvi kando ya bahari anahitaji jua mfululizo, na mvua moja ya ghafla inamgeuzia kazi ya wiki kuwa maji. Mwenye ufuta ameusimamisha ukauke, mvua inaupukutisha. Hakuna hata mmoja wao anayesaidiwa na ule wastani wa taifa wa 1,071. Anayetaka kuwalipa kwa bima ya mazao inayofuata kipimo cha mvua lazima awe na kipimo kilicho karibu na shamba lao, la sivyo atamlipa asiyepata hasara na kumnyima aliyepata.

Kipima mvua cha mkono ni miongoni mwa vyombo vya bei nafuu zaidi katika sayansi yote. Shule za sekondari zipo Nanjirinji, Njinjo, Kipatimu, Liwale na Ruangwa. Kila moja ina mwalimu wa jiografia anayefundisha somo la hali ya hewa, na wengi wao hukichora kipima mvua ubaoni badala ya kukionesha. Halmashauri za Kilwa, Liwale, Ruangwa, Nachingwea, Mtama na Manispaa ya Lindi zikitenga fedha kidogo, na TMA ikatoa mafunzo na namba ya kutumiwa ujumbe wa simu kila asubuhi, wanafunzi hao wanaweza kuwa wapimaji wa taifa. Bodi ya bonde ipate nakala yao siku hiyohiyo, si mwisho wa mwezi. Wapimaji wa kujitolea walipwe japo posho ya muda wa maongezi, na madaftari ya zamani yaliyolala kwenye makabati ya ofisi za kilimo na misheni yatafutwe, yapigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta kabla mchwa hawajayamaliza.

Wakuu wa shule na madiwani wa mkoa wa Lindi mnaosoma makala haya, kazi hii ipo ndani ya uwezo wenu. Mvua za msimu zinaanza Novemba. Vipima mvua viwe vimefukiwa, na madaftari yamefunguliwa, kabla ya hapo.